Tusihukumu punje ya soya tukaisahau dawa yake

SIFA zote njema anastahiki Allah Subhaanahu Wata'ala, Mola Mlezi wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, siku chache zilizopita baada ya darasa la alasiri mama mmoja alitusubiri nje ya msikiti. Mkononi alishika mfuko wa unga wa lishe, na ndani ya kikapu chake mlikuwa na chupa ya mafuta ya kupikia yenye maandishi ya kigeni. "Sheikh," alisema, "watoto wangu wanakunywa uji wa unga huu kila asubuhi. Nimeambiwa soya ya siku hizi inatengenezwa maabara na imetiwa kitu cha nguruwe. Nikiumwaga ni israfu, nikiwapa moyo wangu hautulii. Nifanyeje?"

Tulimwomba atupe muda tusome na tuulize, kwa kuwa kusema hili halali na lile haramu kwa kubahatisha ni kumzulia Mwenyezi Mungu. Makala haya ndiyo jibu letu kwake, na kwa familia nyingine zenye wasiwasi kama wake.

Tuanze na soya yenyewe inayosemwa. Mwaka 1970 mkemia John Franz wa kampuni ya Monsanto ya Marekani aligundua kuwa kemikali iitwayo glaifoseti inaua mimea, na mwaka 1974 ikaingia sokoni kwa jina la Roundup. Dawa hii hukifunga kimeng'enya kimoja ambacho mmea hukitumia kutengeneza baadhi ya asidi amino, yaani matofali ya kujengea protini. Kikishafungwa, majani hugeuka manjano na baada ya siku kadhaa mmea hufa hadi mizizini. Binadamu na wanyama hawana kimeng'enya hicho, na ndiyo maana dawa hiyo ilisifiwa kuwa nyepesi kuliko nyingi zilizoitangulia. Kasoro yake kwa mkulima ilikuwa moja, kwamba haichagui. Inaua gugu, na inaiua soya iliyo kando ya gugu.

Dawa ya kasoro hiyo ilipatikana mahali ambapo hapakutazamiwa. Katika majitaka ya kiwanda kinachotengeneza glaifoseti yenyewe walikutwa bakteria wanaoishi bila kudhurika. Kimeng'enya chao hufanya kazi ileile, lakini glaifoseti haikiwezi. Wataalamu walichukua kinasaba kinachobeba maelekezo ya kukitengeneza, wakakiunganisha na vipande vidogo vilivyotokana na kirusi cha koliflawa na ua la petunia ili kiweze kufanya kazi ndani ya mmea, kisha wakakirusha ndani ya seli za soya kwa chembe ndogo mno za dhahabu. Mwaka 1996 mbegu hizo zilianza kuuzwa Marekani, na mwaka huohuo Argentina ikaziruhusu. Brazil haikuwa imeziruhusu, lakini ziliingia kwa magendo kutoka Argentina, wakulima wakizitania kwa jina la Maradona, mpaka serikali ikalazimika mwaka 2003 kuyaruhusu mavuno yauzwe na mwaka 2005 kupitisha sheria kamili. Leo zaidi ya asilimia 90 ya soya ya Marekani, na karibu yote ya Argentina, inatokana na mbegu zilizobadilishwa vinasaba ili zistahimili dawa.

Basi hamna nguruwe hapo. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu uvumi huu umepita nyumba nyingi, na Muislamu hapewi ruhusa ya kueneza habari asiyoithibitisha, hata kama anaieneza kwa nia ya kulinda dini.

Wapo wanaosema kuwa tatizo si nguruwe, tatizo ni kubadili maumbile ya Allah, na hutoa ushahidi wa aya ya 119 ya Suratun-Nisaa, ambamo Shetani anaapa kuwaamrisha wanadamu wafanye hivyo. Aya hiyo ni nzito, nasi hatuipuuzi. Lakini ndani ya aya hiyohiyo ametajwa mnyama anayekatwa masikio kwa ajili ya masanamu, na miongoni mwa wafasiri wakubwa wapo walioielewa kuwa inahusu kubadili dini ya Allah. Kuichukua ikahukumu kila badiliko la mmea ni kuyaharamisha hata maembe ya kubebesha yaliyojaa masokoni, wala hatujasikia mwanachuoni aliyefanya hivyo. Watu wa Madina walikuwa wakiichavusha mitende kwa mikono yao. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa waliacha baada ya kusikia maneno ya Mtume (S.A.W.), mavuno yakapungua, naye akawajulisha kuwa mambo ya aina hiyo ya dunia yao wao wanayajua zaidi.

Wanazuoni wa zama zetu nao wamelitazama suala hili. Baraza la Fiqhi la Rabita mjini Makkah, katika kikao chake cha mwaka 1998, liliruhusu uhandisi wa vinasaba utumike katika kilimo na ufugaji, kwa sharti kwamba zichukuliwe tahadhari zote za kuzuia madhara, hata yale ya baadaye, kwa binadamu, wanyama na mazingira. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitoa fatwa yake mwaka 2013 kwa mwelekeo huohuo, likisisitiza kuwa kiwe na manufaa, kisidhuru, na kinasaba kisitoke katika kitu cha haramu. Wenzetu wa Indonesia wana sababu ya kulishughulikia jambo hili kuliko sisi, kwa kuwa tempe na tofu ni chakula chao cha kila siku, na sehemu kubwa ya soya wanayoitumia hutoka Marekani. Mwezi Januari 2008 bei ilipopanda ghafla, watengenezaji wa vyakula hivyo walijazana katika barabara za Jakarta kuandamana.

Hadi hapa mtu angeweza kusema suala limekwisha, imeruhusiwa. Na wengi huishia hapo. Lakini ruhusa ya Makkah imefungwa kwa sharti la madhara, na soya hii haikutengenezwa ili iwe na ladha zaidi, wala ivumilie ukame, wala imlishe mtoto vizuri zaidi. Ilitengenezwa ili inyunyiziwe dawa. Ukiinunua mbegu bila dawa umetupa fedha zako. Hivyo anayetaka kuitolea hukumu ni lazima avihukumu vitu viwili kwa pamoja, na ni hicho cha pili ambacho hatukisikii kikijadiliwa katika vibaraza vyetu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, na uadilifu unatutaka tuseme hivyo. Mkulima wa Iowa au wa nyanda za Pampas aliacha kulima na kupindua udongo kila msimu ili kuua magugu. Alinyunyiza, akapanda juu ya mabua ya mwaka uliopita, udongo ukapumzika na mmomonyoko ukapungua. Aliokoa mafuta ya trekta na siku nyingi za kazi. Mtu aliyewahi kuinama palizi ya ekari moja kwa jembe la mkono hawezi kumcheka aliyefurahia jambo hilo.

Wataalamu wa kampuni yenyewe waliandika mwaka 1997 kwamba haielekei magugu yatazoea glaifoseti kwa wepesi. Lakini mwaka 1996 tayari Australia ilikuwa imeripoti aina moja ya nyasi isiyouawa na dawa hiyo. Mwaka 2000 gugu jingine likaonekana katika mashamba ya soya ya jimbo la Delaware, Marekani. Kisha, mwaka 2005, katika mashamba ya pamba ya Georgia, pamba ambayo nayo imetiwa ustahimilivu wa dawa hiyohiyo, likathibitika gugu baya kuliko yote. Msomaji atashangaa akijua gugu hilo ni nini: ni mchicha. Si huu tunaouchuma bustanini, bali ndugu yake wa porini, mchicha wa Palmer, unaorefuka kumpita mtu, na mmea jike mmoja hutoa mbegu laki kadhaa. Shamba lilinyunyiziwa, kila kitu kikafa, mchicha ukabaki umesimama. Wakulima wa Georgia, katika nchi yenye mitambo kuliko zote, wakarudi kuajiri vibarua wa kung'oa na kupalilia kwa jembe. Hadi sasa zimehesabiwa aina zaidi ya 50 za magugu duniani zisizoiogopa glaifoseti.

Hapa palikuwa na nafasi ya kutafakari. Badala yake ikatengenezwa soya nyingine, inayostahimili dawa mbili, glaifoseti na dikamba. Dikamba ni dawa ya zamani, na tabia yake inajulikana: siku za joto hugeuka mvuke na kuhamia kwa jirani. Mbegu ziliuzwa kwa wakulima wa Marekani kabla aina mpya ya dawa hiyo, iliyodaiwa kutulia, haijapata kibali. Mwezi Oktoba 2016, mpakani mwa majimbo ya Arkansas na Missouri, mkulima mmoja alipigwa risasi akafa katika ugomvi uliotokana na dawa iliyopeperushwa. Mwaka 2017, dawa mpya ikiwa imeshapata kibali, mtaalamu wa magugu wa Chuo Kikuu cha Missouri alikadiria kuwa ekari milioni 3.6 za soya nchini humo zimedhurika kwa dikamba iliyotoka kwingine. Mahakama zilikifuta kibali hicho mwaka 2020, kikatolewa tena mwaka huohuo, kikafutwa tena mwaka 2024.

Tafadhali, msomaji, litazame jambo hili kwa macho ya fiqhi. Mkulima ambaye hakutaka mbegu mpya aliona majani ya soya yake yamejikunja kama vikombe kwa sababu ya upepo wa shamba la jirani. Njia rahisi ya kujikinga ikawa ni kununua mbegu ileile inayostahimili. Wapo walioinunua kwa sababu hiyo tu. Je, hiyo ni biashara ya kuridhiana, ambayo Qur'ani imeifanya kuwa sharti la kula mali baina yetu? Sisi tunaona si ridhaa iliyo safi. Haki ya jirani, ambayo Jibrili aliihimiza mpaka Mtume (S.A.W.) akadhani jirani atarithishwa, haikomi kwenye ukuta wa nyumba. Inafika shambani.

Na jirani si mkulima mwenzako tu. Katika mji wa Córdoba, Argentina, kuna kitongoji kiitwacho Ituzaingó Anexo ambacho mashamba ya soya yalifika hadi kando ya nyumba. Ndege zilikuwa zikinyunyiza dawa, glaifoseti na nyingine kali zaidi, karibu na makazi ya watu. Sofía Gatica, mama aliyempoteza mtoto wake mchanga kwa maradhi ya figo, alianza kwenda mlango kwa mlango pamoja na akina mama wenzake, wakiandika nani anaumwa nini. Hawakuwa madaktari. Walikuwa na daftari na subira. Walidharauliwa kwa miaka, lakini mwaka 2012 mahakama ya Córdoba iliwatia hatiani mkulima mmoja na rubani mmoja kwa kunyunyiza kinyume cha sheria karibu na makazi, na mwaka huohuo mama huyo alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Hukumu hiyo haikusema kwamba kila ugonjwa wa kitongoji kile ulitokana na dawa, nasi hatusemi. Ilisema kwamba huna haki ya kumnyunyizia mwenzako.

Kuhusu saratani, watu hugombana sana, na kila upande una karatasi zake. Mwezi Machi 2015 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayotafiti saratani iliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu. Mwezi Novemba mwaka huohuo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema haielekei, na Wakala wa Mazingira wa Marekani nao wakawa na rai hiyo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliiongezea dawa hiyo miaka 10. Kampuni ya Bayer, iliyoinunua Monsanto mwaka 2018, ilitangaza mwaka 2020 kutenga zaidi ya dola bilioni 10 ili kumaliza maelfu ya mashauri ya watu wanaodai dawa imewaletea saratani, bila ya kukiri kosa. Tunachokielewa ni kwamba hofu kubwa ni ya yule anayebeba bomba mgongoni, si ya yule anayekula. Kijana wa kwetu anayenyunyiza bila glavu, akajifuta uso kwa mkono uleule, na dumu tupu la dawa likapelekwa nyumbani kuchotea maji, yumo katika hatari kuliko mlaji yeyote, naye hajaigusa hata punje moja ya soya ya maabara. Glaifoseti imejaa katika maduka yetu ya pembejeo, na hotuba za Ijumaa kuhusu dumu hilo ni chache mno.

Linabaki suala la mbegu, ambalo kwetu sisi ni la kuumiza kuliko yote. Mbegu hizi zilikuwa na hataza, na mnunuzi alitia saini kwamba atapanda mara moja, mavuno atauza, wala hatahifadhi kitu cha kupanda mwakani. Mzee mmoja wa jimbo la Indiana alikuwa akitii sharti hilo kwa mazao yake ya kwanza ya kila mwaka. Lakini kwa zao la pili, la kuchelewa, ambalo ni la bahati nasibu, alikwenda kwenye ghala la nafaka, akanunua soya ya kawaida ya kulisha mifugo, akaipanda, akainyunyizia dawa, na iliyobaki hai akaihifadhi mbegu. Alifanya hivyo kwa misimu minane. Kampuni ikamshitaki. Tarehe 13 Mei 2013 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, majaji wote tisa kwa kauli moja, hukumu ikiandikwa na Jaji Elena Kagan, ilimwona ana hatia, na fidia ya zaidi ya dola 84,000 ikabaki juu yake.

Hatumfanyi mzee huyo shujaa. Alijua anachokitafuta ghalani, na Muislamu anaamrishwa kutimiza ahadi na mikataba. Lakini swali liko kabla ya mkataba: je, inafaa kuwa na mkataba unaomzuia mkulima kupanda kile kilichoota katika udongo wake, kwa mvua ambayo hakuna kampuni iliyoileta? Wapo wanazuoni wa leo wanaoitambua hataza kama haki ya mali kwa aliyetumia akili na gharama zake, na tunaikubali rai hiyo kwa mashine na vitabu. Kwa mbegu tunasita. Mbegu inajizaa yenyewe, na kilichotiwa na binadamu ndani yake ni kinasaba kimoja juu ya maelfu aliyoyaumba Allah. Hataza ya mbegu zile za kwanza ilikwisha Marekani mwaka 2015, lakini wakati huo soya mpya zenye hataza mpya zilishafika sokoni.

Je, sisi huku tunahusika vipi? Mazao ya aina hii hayalimwi kibiashara Tanzania. Majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalifanyika Makutupora, Dodoma, kuanzia mwaka 2016, na mwezi Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuyasitisha. Kenya iliondoa Oktoba 2022 katazo lake la miaka 10, na mashauri mahakamani yakafuata. Afrika Kusini imekuwa ikilima soya ya kustahimili dawa tangu mwaka 2001. Kwa hiyo mipaka imetuzunguka, na mbegu, kama Brazil ilivyotufundisha, haisubiri muhuri wa forodha. Soya ya Ruvuma, Njombe na Rukwa ni ya mbegu za kawaida, na mwaka 2020 China ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania. Siku wakala atakapofika kijijini na mfuko wenye picha nzuri, mkulima wetu asimwulize kama ni halali. Amwulize dawa ya pili itakuwa ipi wakati ya kwanza itakapozoeleka, nani atamlipa jirani upepo ukihama, na kama mwanawe ataruhusiwa kuchukua debe moja la mavuno akapande. Majibu ayataka kwa maandishi.

Sasa turudi kwa mama yetu. Tulikwenda kwenye mashine anakosagisha unga wake na kumuuliza mwenye mashine soya inatoka wapi. Akatuonyesha magunia: Namtumbo. Basi, mama, watoto wanywe uji wao, ni halali na ni lishe njema. Mafuta ya ile chupa nayo yawezekana yametokana na soya ya Marekani ya Kusini iliyobadilishwa. Kuyala ni halali, kwani asili ya vyakula ni uhalali mpaka ipatikane dalili, na mafuta yaliyosafishwa kiwandani hubaki na protini kidogo mno, wakati glaifoseti huyeyuka katika maji na si katika mafuta. Ukiona moyo wako bado hautulii, alizeti ya Singida ipo sokoni, wala hutahitaji fatwa ya mtu.

Wallahu a'lam.